Mwitikiaji wa Taifa

Nchi ya Uwandani msiitafute kwenye ramani. Mchora ramani mwenyewe alikwenda wizarani kuuliza mipaka inapita wapi, akaambiwa akae kwenye benchi atasikilizwa, na nijuavyo mimi bado amekaa. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo, na ina Wizara ya Usikivu, ambayo nchi nyingine hazina, na ndiyo maana zinahangaika.

Watu wa Uwandani wana desturi moja ambayo lazima muijue mapema, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwao mtu hasemi peke yake. Akitoa maneno mawili matatu lazima aitikiwe, "Enhee." Akiendelea, "Ndiyo." Akifika penye uchungu, "Loo, masikini." Asipoitikiwa hunyamaza hapo hapo, hata kama alikuwa anakueleza kwamba paa lako linaungua, kwa sababu kumsemesha asiyeitikia ni utovu wa adabu. Na akishaitikiwa mpaka mwisho, basi amesikilizwa, hana tena la kulalamika. Wamelelewa hivyo tangu wadogo, tusiwacheke.

Rais wao alikuwa Mtukufu Mang'ula. Alipokuwa anaomba kura aliahidi jambo moja tu, kusikiliza, na aliirudia ahadi hiyo kila mahali na kila saa hata akakosa nafasi ya kuitimiza. Washauri walimwambia kwamba kiongozi bora ni yule anayesikiliza watu wake kisha akatenda. Mtukufu alisikia ile nusu ya kwanza akafurahi, akasimama, akaunda wizara. Akajiita Msikivu Mkuu. Katikati ya mji mkuu likasimamishwa sikio kubwa la shaba, na kunguru wakaingia wakajenga viota ndani yake. Wizara ikatangaza kwamba hao nao wanasikilizwa.

Waziri alikuwa Dakta Tindwa, msomi hasa. Kitabu chake cha shahada kilihusu nafasi ya sikio katika uongozi, na siku ya kukitetea maprofesa walimwuliza maswali mengi ambayo hakuyasikia, wakaona bora wampe tu. Kila mwaka aliwaita wakuu wa mikoa kwenye semina ya usikivu. Alianza kuzungumza asubuhi, akazungumza mpaka chakula kikapoa, na ulipofika wakati wa maswali muda ulikuwa umekwisha. Wakuu wa mikoa walirudi makwao na vyeti na maumivu ya kiuno.

Kilele cha yote kilikuwa Siku ya Kusikiliza. Kila wilaya ilimtuma mtu mmoja aje kusema shida za kwao mbele ya Rais, uwanjani, mchana kweupe. Mwaka wa kwanza mambo yaliharibika vibaya. Mtukufu Mang'ula ana tatizo ambalo si kosa lake: akisimuliwa jambo hulala. Mama yake alimzoesha hivyo. Basi msemaji wa kwanza akapanda, akasema kidogo, akasubiri aitikiwe, akasikia mkoromo. Akanyamaza, akashuka kwa adabu. Wa pili vile vile. Wilaya zote zikamalizika kabla ya chai ya saa nne, na mabalozi wa nje walikuwa wanatazama.

Ndipo Dakta Tindwa alipomtafuta Hamdani Kisoka.

Hamdani alikuwa muuza kahawa wa Mtonikavu, na sifa yake ilikuwa kuitikia. Mtu akigombana na mkewe, akipotelewa na mbuzi, akikosana na mwenye nyumba, alikwenda kwenye benchi la Hamdani, akanywa kikombe, akaeleza. Hamdani alisema "Enhee" moja ambayo ilikuvuta ukasema hata yale uliyokuwa umekusudia kuyaficha. Alisema "Loo, masikini" ukahisi kwamba sasa mzigo mnaubeba wawili. Wanaomkumbuka wanasema siku zile alikuwa anasikiliza kweli. Mimi sikuwepo, nasimulia nilivyosimuliwa.

Serikali ikamchukua, ikampa nyumba mjini, ikampa cheo cha Mwitikiaji wa Taifa, cheo kikubwa ambacho haruhusiwi kumtajia mtu. Uwanjani Rais alikaa juu ya jukwaa, mbali na watu, miwani myeusi machoni, masharubu yamefunika mdomo, kwenye kiti maalumu chenye springi kilichomtikisa kichwa polepole kama mtu anayekubali. Nyuma ya kiti palikuwa na pazia jekundu. Nyuma ya pazia palikuwa na Hamdani na kipaza sauti. Msemaji akisema, spika zote za uwanja zilijibu, "Enhee," na watu wakamwona Rais wao anatikisa kichwa. Wengi walilia kwa furaha. Mtukufu mwenyewe alizoea kiasi kwamba ile sauti ilimbembeleza, akalala vizuri zaidi.

Mwanzoni Hamdani alisikiliza kila neno. Lakini hebu fikirini, mtu mmoja asikilize mabomba yote yaliyokauka ya nchi nzima, na zahanati zote zisizo na dawa, halafu arudi nyumbani ale wali. Atapona? Taratibu akajifunza kufuata sauti tu na kuyaacha maneno yapite. Sauti ikipanda, "Enhee." Ikishuka, "Ndiyo." Ikikatika, "Loo, masikini." Na mwishoni neno la serikali la kufungia, "Tumelisikia," kisha kengele, kisha anayefuata. Angeweza kuitikia huku anawaza viatu vyake, na hakukosea hata siku moja.

Shida za watu zilifanyiwa kazi, msidhani hazikufanyiwa. Baada ya Siku ya Kusikiliza ilikutana Kamati ya Makisio, ambayo wajumbe wake hawakuwa uwanjani kwa sababu walikuwa semina, wakakisia kila wilaya itakuwa imeomba nini. Watu wa Mtonikavu, kwao Hamdani, waliomba daraja. Mto wao uliitwa mkavu na kiongozi mmoja aliyepita pale kiangazi akiwa kwenye gari lililofungwa vioo, lakini masika ukijaa haumchagui mtu. Hospitali iko ng'ambo. Waliomba daraja wakapelekewa sikio la saruji. Wakaomba tena, wakapelekewa taa za kuongozea magari, na gari lenyewe kule hakuna, taa inawaka nyekundu mbuzi wanapita. Mwaka uliofuata walipelekewa mwalimu wa kuogelea. Mpaka leo yupo, mtu mwema, anaogopa maji.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe.

Ilikuwa siku moja kabla ya Siku ya Kusikiliza, na Dakta Tindwa alikuwa amemwita Hamdani pembeni akamwambia kwamba mabalozi wanakuja tena, na kwamba siku ikipita bila doa atamwombea unaibu waziri. Hamdani alirudi nyumbani mchana anakanyaga hewa. Akamkuta dada yake sebuleni.

Bi Mwajabu ndiye aliyemlea Hamdani tangu mama yao alipofariki. Ndiye aliyemfunga nepi na ndiye aliyemfundisha kuuza kahawa. Mwaka huo watu wa Mtonikavu walimchagua yeye aje kuwasemea, akaja na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umenenepa. Ikulu wanakula."

Bi Shani, mkewe Hamdani, akapakua chakula. Huyu alikuwa mwanamke mzungumzaji zamani, lakini miaka ya karibuni alikuwa amehamishia mazungumzo yake kwenye friji. Msimcheke. Friji lile lilikuwa linanguruma, na ukiwa mtu wa Uwandani uliyekosa wa kukuitikia, mngurumo nao ni kitu. Akikaa jikoni alilieleza habari za majirani, nalo likanguruma mpaka mwisho. Siku lilipokufa alibaki hana wa kuzungumza naye.

Hamdani akanywa maji, akakunja uso.

"Shani, maji haya mbona ya moto?"

"Nilishakwambia," alisema Bi Shani.

"Enhee," alisema Hamdani.

Wakala. Bi Mwajabu akanawa, akasogea karibu na mdogo wake, akaanza kumweleza. Alieleza kwa muda. Alichoeleza siwezi kuwaambia, maana katika kisa hiki tumekaa upande wa Hamdani, na Hamdani wakati ule alikuwa kwenye gari jeusi lenye bendera, amekaa nyuma, anapungiwa mikono. Ninachoweza kusema ni kwamba aliitikia vizuri ajabu. Sauti ya dada ilipopanda alisema "Enhee," iliposhuka alisema "Ndiyo," na ilipokatika akasema "Loo, masikini," kwa upole ambao ungemliza askari wa barabarani.

"Sasa unasemaje?" aliuliza Bi Mwajabu.

"Tumelisikia," alisema Hamdani.

Bi Shani akaacha kukusanya sahani.

Bi Mwajabu akamgeukia mdogo wake. "Nimekwambia nini, Hamdani?"

Hamdani akashuka kwenye lile gari haraka. "Habari za nyumbani."

"Habari gani?"

"Za... daraja."

"Nimekwambia Asia ana mimba," alisema Bi Mwajabu. Asia alikuwa mwanawe wa pekee. "Nimekwambia mwezi wake ndio huu unaoingia, na mvua zimekaribia, na mto ukijaa havuki mtu. Kisha nikakuomba jambo."

"Jambo gani, dada?"

"Sirudii. Nimeshaomba na nimeshaitikiwa." Akajifunga kanga yake vizuri. "Kesho nitamwambia Rais. Huyo watu wanasema anasikiliza. Mwaka jana nilimsikia kwenye redio anamwambia mzee mmoja wa kaskazini 'masikini', nikakaa chini. Sauti yake ilinikumbusha marehemu baba."

Hamdani akafungua mdomo. Akafikiria kumwambia kwamba sauti ile ilimkumbusha baba kwa sababu ilitoka kwa mtoto wa baba. Lakini cheo chake ni siri ya taifa, na unaibu waziri uko mlangoni. Akaufunga. Mchana wote alizunguka nyumba akitaka kumwuliza dada yake ameomba nini, na kila alipomkaribia aliona aibu. Akajiambia bila shaka ni daraja. Ingekuwa nini kingine? Mtonikavu nzima inaomba daraja.

Asubuhi uwanja ulijaa. Mabalozi walikaa kivulini. Dakta Tindwa akafungua kwa hotuba juu ya umuhimu wa kusikiliza.

"Waheshimiwa," alisema, "Mwenyezi Mungu alitupa masikio mawili na mdomo mmoja. Wizara yangu imelifanyia utafiti jambo hili na kuthibitisha kwamba ni kweli. Usikivu shirikishi, usikivu endelevu, usikivu wenye tija, hizo ndizo nguzo. Kiongozi asiyesikiliza, ndugu zangu, atajuaje kwamba anasifiwa?"

Akaendelea. Watu wawili wakazimia kwa jua, wakabebwa. Mmoja alipozinduka aliuliza hotuba imefika wapi, akaambiwa, akazimia tena. Mwisho Dakta Tindwa alisema kwamba kutokana na uhaba wa muda, wananchi waseme kwa kifupi.

Wilaya zikaanza. Nyuma ya pazia Hamdani alikuwa na glasi ya maji na mto wa kukalia, akaitikia wilaya baada ya wilaya bila kutafuta neno. Kiti cha springi kilimtikisa Mtukufu polepole. Likaitwa jina la Mtonikavu.

Bi Mwajabu akapanda kwenye kile kijukwaa cha wasemaji. Kupitia penyo la pazia Hamdani aliona kanga yake ile ya kijani, ya safari.

"Mtukufu Rais, naitwa Mwajabu binti Kisoka, natoka Mtonikavu."

"Enhee," zikasema spika.

"Wazee wamenituma nije kuomba daraja. Lakini sitaliomba."

"Ndiyo," alisema Hamdani, kwa mazoea, kwa kuwa sauti ilishuka. Kisha akashtuka. Haliombi? Akasogea mbele kwenye kiti.

"Daraja tumeliomba mpaka tumechoka sisi, mmechoka na nyinyi. Nimekuja na shida yangu mwenyewe, wilaya inisamehe. Nina mwanangu anaitwa Asia. Mimba yake ya kwanza ilimkuta mto umejaa. Tulimbeba kwenye kitanda mpaka ukingoni, tukakaa pale. Hospitali tunaiona ng'ambo, manesi tunawaona kwa macho wanaanika mashuka. Tukaita mpaka sauti zikakauka. Mtoto hakuishi."

Hapa palikuwa na nafasi ya "Loo, masikini." Hata mtoto angeiona. Hamdani alifungua mdomo, na neno halikutoka. Alikuwa anajaribu kukumbuka kama aliwahi kuambiwa.

"Nilimpigia simu mdogo wangu, yuko hapa hapa mjini, mtu mkubwa. Nikamweleza. Aliniitikia vizuri mpaka nikapoa. Lakini mazikoni hakuja. Nilipomwuliza baadaye aliniambia hakuna aliyemwarifu."

Kimya. Kwa adabu za Uwandani ilimpasa Bi Mwajabu aishie hapo, maana alikuwa hajaitikiwa. Watu wakaanza kutazamana. Balozi mmoja akamwuliza mwenzake kama kuna hitilafu ya umeme. Lakini Bi Mwajabu, Mungu ampe heri, akafanya jambo ambalo kule halijawahi kufanywa. Aliendelea.

"Basi jana nikaenda kwake. Nikamwambia, mdogo wangu, daraja sikuombi, huwezi kulijenga. Una nyumba, una chumba cha wageni kisicho na mgeni, na hospitali kubwa iko nyuma ya ukuta wako. Mto bado unavukika. Nipokelee mwanangu akae kwako mpaka ajifungue. Jambo hilo hilo tu. Mtukufu, unajua alinijibu nini? Alinijibu, 'Tumelisikia.'"

Uwanja ukacheka. Neno lile walilijua wote, kila mmoja alikuwa amewahi kupewa lake. Walicheka, kisha wakaacha kucheka mmoja mmoja.

"Ndipo nikajua kwamba mdogo wangu ameshakuwa serikali," alisema Bi Mwajabu. "Kwa hiyo nimekuja kukuomba wewe, unayesikiliza. Mwambie mdogo wangu anisikilize."

Nyuma ya pazia Hamdani Kisoka alikuwa analia, na hakulia kwa adabu, alilia kama alivyolia siku mama yao alipozikwa, na dada huyu huyu ndiye aliyempangusa kamasi. Gari jeusi lenye bendera lilipita mawazoni mwake likaenda zake. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Dada," zikasema spika zote za uwanja, na sauti ilikuwa imepasuka. "Mlete. Mlete Asia, dada yangu. Nisamehe. Jana sikukusikia, na siku ile ya simu sikukusikia. Sasa nimesikia. Mlete."

Bi Mwajabu hakumtazama Rais. Alilitazama pazia, akalitazama sana, kisha uso wake ukalegea.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema, akashuka.

Watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi. Rais amemwita mwanamke dada. Rais ameomba msamaha. Mtukufu Mang'ula, ambaye ule ukimya wa mwanzo ulikuwa umemkatia usingizi na makofi yakauondoa kabisa, alifumbua macho, akaona nchi nzima inamshangilia, akapunga mkono. Kisha akamwinamia waziri wake.

"Yule mama ni nani?"

Dakta Tindwa alikuwa anatokwa na jasho. Alitazama mabalozi, wanafuta machozi. Alitazama pazia. Kwa sheria ya nchi sauti inayotoka kwenye spika zile ni ya Rais, na akisema si ya Rais itabidi aeleze imekuwa ya nani miaka yote.

"Ni dada yako, Mtukufu."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Rais akawaza. "Mbona sikuambiwa?"

"Uliambiwa, Mtukufu. Ulikuwa unasikiliza."

Rais akaridhika. Dakta Tindwa akateremka, akazunguka, akalifunua pazia kwa nyuma. Hamdani alikuwa bado amekumbatia kipaza sauti.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimesikiliza, mheshimiwa."

"Nani alikutuma?"

Hamdani akamkabidhi kile kipaza sauti.

Serikali ya Uwandani ina sifa moja, ikisema jambo hulifuata mpaka mwisho, hasa ikiwa limesemwa kwa bahati mbaya. Kama Bi Mwajabu ni dada yake Rais, Asia ni mpwa wa Rais, na mpwa wa Rais hawezi kupandisha gauni akavuka mto kwa miguu. Ofisi ya Itifaki ikasema lazima apelekewe msafara. Msafara una magari. Magari hayapiti majini. Ikagunduliwa, kwa mshangao mkubwa wa wataalamu wote, kwamba Mtonikavu hakuna daraja. Waziri wa Ujenzi akauliza kwa ukali mbona wananchi hawakuwahi kusema.

Wanajeshi wakalijenga kabla wingu la kwanza halijakaa. Asia akaletwa mjini na pikipiki za ving'ora mbele, amekaa nyuma ya gari jeusi lenye bendera, tumbo limegusa kiti cha dereva, anatapika kwenye mfuko wa plastiki. Watu walisimama barabarani wakampungia. Ile taa ya Mtonikavu ya kuongozea magari, kwa mara ya kwanza tangu iwekwe, ilisimamisha gari, na watu wa kule wanasimulia mpaka leo. Daraja likaitwa Daraja la Usikivu, na jiwe lake la msingi lina sura ya sikio.

Hamdani hakufukuzwa. Kumfukuza kungekuwa kukiri kwamba alikuwepo. Alishukuriwa kwa siri kwa kutokuwepo kwake kwa muda wote huo, akaombwa aendelee nako. Sauti zake zote za zamani zilikuwa zimerekodiwa, zikatiwa kwenye mashine, na sasa mashine ndiyo inayokaa nyuma ya pazia. Haili, haihitaji mto wa kukalia, wala haina dada. Siku ya Kusikiliza iliyofuata, Dakta Tindwa alipokuwa anasoma mafanikio ya wizara yake, mashine iliteleza ikasema, "Loo, masikini," na uwanja mzima ukapiga makofi. Waziri alishukuru.

Asia alijifungua mtoto wa kike hospitali ile ya nyuma ya ukuta, salama, bila matatizo. Wizara ilipendekeza aitwe Usikivu. Mamake akamwita Mwajabu. Bi Mwajabu mkubwa alikaa kumwogesha mjukuu mpaka arobaini ikapita, na kila asubuhi Hamdani alimsikia anazungumza na kile kichanga, na kichanga kinajibu kwa namna yake.

Hamdani mwenyewe alirudi kwenye kahawa. Aliweka benchi nje ya ukuta wa hospitali, penye kivuli, ambapo watu wanaosubiri wagonjwa hawana la kufanya isipokuwa kueleza. Wateja wa kwanza walilalamika kwamba jamaa haitikii vizuri. Anachelewa. Unaeleza, yeye anakutazama tu, halafu unapodhani hakusikia anakuuliza swali.

Mchana mmoja, baada ya dada na Asia na mtoto kurudi kwao kwa miguu yao juu ya daraja, Hamdani alikuja nyumbani kula. Nyumba ilikuwa kimya. Bi Shani akampa maji. Akanywa, akakunja uso.

"Shani, maji haya mbona ya moto?"

"Nilishakwambia."

Ile "Enhee" ilifika mpaka kwenye meno. Hamdani akaimeza na yale maji ya moto.

"Uliniambia nini?"

Bi Shani alikuwa anaelekea jikoni. Akasimama, lakini hakugeuka.

"Friji limekufa."

"Tangu lini?"

Bi Shani akageuka. Akamtazama mumewe vizuri, kuanzia machoni, kuona kama yupo. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akaanza kumweleza tangu mwanzo.